Mkebe wa Manowari Zuhura

Kengele ya shaba ilikuwa ingali imening'inia mahali pake, na hilo ndilo lililomtia shaka Inspekta Jepkoech tangu alipovuka kizingiti cha ukumbi.

Miaka hiyo Kitale ilikuwa imetaabishwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Misumari ya reli ilikuwa imeng'olewa, vifuniko vya mitaro vimebebwa, na kanisa moja la mtaani lilikuwa limeamka Jumapili likakuta mabomba yake yamekatwa. Mwizi wa aina hiyo, akiingia katika ukumbi huu wa kukodi karibu na stesheni ya zamani ya reli, angeikumbatia kengele ile akatoka nayo. Angebeba na maganda ya makombora ya mizinga yaliyopangwa chini yake. Lakini vyote vilikuwapo, vimepanguswa na kung'aa.

"Kilichoibwa kilikuwa hapa," alisema Nyaruai, msimamizi wa maonyesho, akiinua kamba ya katani iliyozungushiwa pembe moja ya ukumbi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Nyuma yake makarani wawili walikuwa wakifungasha picha ndani ya masanduku ya mbao.

Maonyesho yale yalikuwa yametoka pwani, yakapita mji baada ya mji, yakisimulia vita vya mwisho vya Zuhura, meli ya mizigo iliyofungwa mizinga miwili na kuitwa manowari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliingia kwa mlango wa mashariki, akafuata mbao zilizochorwa rangi. Kwenye ubao wa kwanza ilikuwa alfajiri, na Zuhura ikisindikiza meli mbili za chakula. Kwenye wa nne moshi wa adui ulionekana upeoni. Kwenye wa tano Zuhura, badala ya kukimbia, iligeuza omo yake na kumwelekea adui peke yake, ili zile mbili zipate kutoroka, nazo zikafika bandarini salama. Ubao wa mwisho ulikuwa na maji matupu, na watazamaji wengi walisimama mbele yake kuliko mbele ya nyingine zote.

Pembe iliyozungushiwa kamba ilikuwa mfano wa jiko la mabaharia: meko, sufuria kuu, upawa, na kibao cha kuwekea vyombo.

"Vingine hivi ni vya kununua," alieleza Nyaruai. "Mkebe ndio uliokuwa wa kweli. Meli ilizama na kila kitu, lakini mashua moja ya kuokolea ilisukumwa na maji mpaka ufukweni. Haikuwa na mtu. Mlikuwa na mkebe mmoja wa chakula, umefungwa kwa kamba, na jina limekwaruzwa kwa msumari: Mukhwana. Inspekta, kati ya vyote vilivyomo humu, hicho ndicho hakina badala."

"Uliuona lini mara ya mwisho?"

"Juzi, wakati wa kupangusa vumbi. Leo tukifungasha nikakuta hili."

Juu ya kibao, mahali pa mkebe, palikuwa na bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa buluu, na ndani yake nafaka ya wimbi iliyojaa nusu.

"Jana nilipita hapa mara nyingi," Nyaruai aliongeza kwa uchungu. "Niliona chombo mahali pa chombo. Sikuangalia."

Jepkoech alitandaza gazeti, akalimimina wimbi lile na kulisambaza kwa kidole. Hapakuwa na jiwe, wala kapi, wala punje iliyoliwa na mdudu. Lilikuwa limepepetwa na kuchaguliwa kama la kupelekea wakwe. Anayetaka kuficha wizi kwa chombo cha bandia, alijiambia, hutia chochote au hatii kitu. Hajisumbui kuchagua nafaka. Kisha akaligeuza bakuli. Kwenye kitako palikuwa pamepakwa mstari mwekundu, na juu yake madoa matatu ya buluu.

"Konstebo Wamalwa. Njoo uone."

Wamalwa, kijana mnene wa Bumula aliyekuwa dereva wake na mwandishi wake wa taarifa, alikuja, akaangalia, akacheka kidogo kabla ya kujizuia.

"Hiyo ni alama ya matanga, madam."

"Eleza."

"Si kukiwa na kilio, wamama wanaleta vyombo vya kupikia watu? Mia tatu, mia nne. Vinaoshwa pamoja kwa karai moja. Bila alama, matanga ikiisha ni vita. Kwa hivyo kila kikundi na rangi yake, na kila mama na alama yake juu ya hiyo rangi."

"Nyekundu ni ya nani?"

"Hapo sasa umenishika. Kwetu ni kijani. Ingekuwa kijani ningekuambia mpaka jina ya bwana yake."

"Mshukiwa ninaye," alikatiza Nyaruai. "Mzee mmoja wa huko Kwanza, nje ya mji, anaitwa Mulongo. Alikuja juzi na kelele nyingi, anadai mkebe ni wa ndugu yake. Nilimwambia aandike ombi. Akaniita msichana mdogo mwenye roho ya ukarani. Na huyo bawabu wenu Kiptanui alikuwa amesimama tu kama nguzo. Lori letu linaondoka kesho asubuhi, Inspekta. Nikirudi bila mkebe, naye asirudi kazini. Nimeshaandikisha hivyo kituoni, na wamemweka ndani."

*

Kiptanui alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni bila mkanda na bila viatu, na alipomwona Jepkoech alisimama wima kwa mazoea ya kazi.

"Ni nani aliyekaa karibu na lile jiko muda mrefu?" Jepkoech alimuuliza kupitia nondo.

"Ni wale wamama wa kanisa, madam. Walikuja na basi ya kukodi kutoka upande wa Bungoma. Vitambaa vyeupe kwa kichwa, na vikapu vya chakula. Mmoja alibaki hapo kwa kamba akilia. Sasa ningemfukuza mtu analia?"

"Alikuwapo wakati mzee Mulongo anapiga kelele?"

"Alikuwako. Tena alimfuata nje wakaongea."

"Mbona hukulisema hili asubuhi?"

"Hawakuniuliza. Waliniuliza mkebe nimeuzia nani."

Jepkoech aliagiza arudishiwe viatu vyake. Amri ya kumfungua haikuwa mkononi mwake, maadamu mlalamishi alikuwa amemtaja kwa jina.

*

Walimkuta Mulongo uani kwake, Kwanza, ameinama juu ya turubai kubwa la mahindi. Alikuwa amepita miaka themanini, na mgongo wake ulikuwa umepinda, lakini mikono ilikuwa ingali ya mkulima. Upande wa mlima, mawingu yalikuwa yameshuka meusi.

"Mmekuja kunishika?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Tumekuja kuzungumza, mzee. Mulembe."

"Mulembe. Kushika mnaweza shika. Lakini mkinishika, hii mahindi mtaanua nyinyi. Mvua ndiyo ile."

Jepkoech alitazama mawingu, akavua koti, akachukua debe. Wamalwa akashika mdomo wa gunia. Basi mahojiano yale, ambayo baadaye yaliandikwa kwa lugha ya kituo, yalifanyika watatu wakiinama na kuinuka, na mahindi yakimiminika.

"Mkebe umepotea," alisema Jepkoech.

Mzee alisimama. Uso wake ulipauka, kisha ukarudi kwenye ukali wake. Jepkoech aliyaona yote mawili, naye alikuwa ameyasubiri.

"Umepotea namna gani? Na ile miwani yote ya yule msichana?"

"Wewe uliudai."

"Naudai hata sasa! Mukhwana ni pacha wangu. Yeye alitangulia kutoka, mimi nikafuata, ndiyo sababu naitwa Mulongo. Lakini utaniambia niibe kitu yangu namna gani? Mtu anaweza kujiibia?" Akamgeukia Wamalwa. "Wewe, shika gunia vizuri, unamwaga. Kwani polisi hawafundishwi kushika gunia?"

"Tunafundishwa kushika watu, mzee."

"Ndiyo maana mnamwaga."

Jepkoech alingoja debe lijae. "Umejuaje kwamba ni ule wa ndugu yako? Akina Mukhwana ni wengi. Kila nyumba yenye mapacha inaye."

"Mkono wa huo mkebe umefungwa waya. Huo waya nilifunga mimi." Mzee alionyesha kwa vidole namna waya ulivyozungushwa. "Mimi nilikuwa askari wa nchi kavu, napelekwa Burma. Tulipofika Kilindini kupanda meli, nikaambiwa ndugu yako yuko pale. Nikamkuta na Wepukhulu, wa Myanga. Hao walikuwa bakoki: walitahiriwa mwaka mmoja, wakapakwa matope ya mto mmoja. Wepukhulu wake mkebe ulikuwa umeanguka kwa bahari, kwa hivyo wanakula kwa ule wa Mukhwana. Bakoki hawanyimani. Tukakula watatu. Mkono ukakatika nikiushika, nikaufunga waya. Basi. Wakaniita, nikapanda. Mpaka leo."

Akainama tena kuchota mahindi.

"Haya uliyasema pale ukumbini?"

"Kwa sauti! Yule msichana aliniambia ati niandike ombi. Nikamwambia mama, mimi nilikula humo. Watu wote wakageuka."

"Na yule mama wa kitambaa cheupe?"

Mzee alimkazia macho. "Kumbe mnajua. Alinifuata nje. Akauliza, kweli Wepukhulu alikula humo? Nikasema ndiyo. Akauliza, alikula nini? Sasa hiyo ni swali ya kuuliza mtu? Nikamwambia uji na maharagwe. Akaanza kulia."

"Alisema ni nani?"

"Hakusema, na mimi sikuuliza. Lakini nilimwangalia paji la uso. Ni paji la Wepukhulu lile, limevaa kitambaa tu."

Matone ya kwanza yalianguka. Waliburuta gunia la mwisho mpaka barazani, na mzee akaketi juu yake akihema.

"Sisi tulizika mgomba," alisema baada ya pumzi kumrudia. "Vita vilipoisha na hakuna mwili, tukakata mgomba, tukalaza kwa kaburi, ng'ombe ikachinjwa, tukanyolewa. Mukhwana yuko hapo nyuma ya nyumba, na mimi nitalala karibu naye. Lakini huko Myanga bibi ya Wepukhulu alikataa. Wazee walienda, padri alienda. Anasema tu: bado."

"Bado nini?"

"Bado. Hiyo ndiyo yote." Akafuta uso kwa mkono. "Inspekta, mkiupata, hata kama utapelekwa tena pwani, mniruhusu niushike. Sitaki kuubeba. Kuushika tu."

*

Njia nzima kutoka Kiminini hadi Kamukuywa mvua iliwafuata. Walipovuka daraja, Jepkoech alimgeukia dereva wake.

"Wamalwa, mama akiazima sufuria kwa jirani asimkute nyumbani, hufanya nini?"

"Anaacha chake, madam. Ndiyo mwenyewe akija ajue imeenda wapi."

"Na hukiacha kitupu?"

"Kitupu ni aibu. Hata kama ni konzi moja ya unga, anatia."

"Basi tulikuwa tukitafuta kosa ambalo mwenyewe hajui kama amelitenda. Hakuweka bakuli kuficha mkebe. Aliliweka kutuonyesha ulikokwenda."

Wamalwa alikwepa dimbwi, kisha akasema, "Kwa sheria lakini bado ni wizi."

"Kwa sheria, ndiyo."

Mjini Bungoma hawakusimama. Walipofika sokoni Myanga jua lilikuwa limetoka tena, na barabara ilikuwa ikifuka mvuke. Jepkoech alishuka na bakuli, akamwendea mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga dagaa wa omena kwa mafungu, akaligeuza mbele yake bila kusema kitu.

Mwanamke yule aliangalia kitako, kisha akaangalia sare ya Wamalwa, akaweka mkono kifuani.

"Hiyo ni bakuli ya Nasambu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Si mseme tu! Bakuli ya Nasambu inatembea na polisi, halafu hakuna mtu amekufa? Ni mama yake? Ni kukhu Nasike, nyanya yetu, ameenda?"

"Tunalirudisha bakuli tu," alisema Jepkoech. "Tuelekeze nyumba."

Mwanamke aliwaelekeza, lakini walipoondoka alikuwa ameshafunika omena wake na kuwaita wenzake wawili.

*

Nasambu aliwapokea nje ya nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba. Alikuwa na miaka sitini na ushei, mpana wa mabega, na paji lake la uso lilikuwa refu na lililojitokeza. Alipoliona bakuli hakushtuka.

"Mmefika," alisema. "Mimi nilifikiri mtachukua mpaka wiki ijayo."

"Mama Nasambu, wewe ndiwe uliyeuchukua mkebe?"

"Si niliacha bakuli?"

"Na uliacha alama yako makusudi?"

"Kwani ningeacha bila alama? Ingepotea." Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, na Wamalwa akageuza uso akajifanya kuangalia ndizi.

"Kuna mtu mahabusu kwa ajili ya mkebe huo," alisema Jepkoech kwa ukali. "Bawabu. Ana watoto."

Hapo Nasambu alijishika mdomo. "Yule kijana aliniachia nilie? Wewe! Hakuna mtu aliniambia. Niliona ni chombo ya watu wamekufa, hakuna mtu anakula nayo. Nikasema nitamaliza, nitarudisha."

"Utamaliza nini? Mkebe uko wapi?"

"Pole pole, afande, usipaze sauti. Anakula."

Aliwavuta mpaka kando ya ghala la mahindi, na kwa sauti ya chini akaeleza. Mama yake, Nasike, alikuwa ameanguka tangu wakati wa kupalilia. Hospitali ilikuwa imesema wampeleke nyumbani. Siku za karibuni alikuwa amekataa kila chakula, akinywa maji peke yake. Ndipo wazee wa ukoo walipokuja na swali ambalo halikuwa na jibu: Nasike atalazwa wapi? Maana kaburi la mke hupimwa kutoka kaburi la mume, upande wake wa kushoto. Na Wepukhulu hakuwa na kaburi. Asipokuwa nalo, mama angezikwa pembeni mwa boma kama mgeni aliyefia njiani.

"Wakasema tukate mgomba. Nilimpigia magoti. Akasema bado. Nikamwambia, mama, hata sasa? Akasema, nitazika mtu namna gani na alitoka kwangu hajala?"

"Hajala?"

"Alikuja likizo, moja tu. Siku ya kurudi mama alikuwa amesonga ugali, kuku iko kwa moto. Lori ya askari ikapiga honi kule barabarani. Akasema, wachia hapo, nitakula nikirudi. Mimi nilikuwa tumboni." Nasambu alinyoosha leso yake, ambayo haikuwa na mkunjo. "Mimi sijawahi kumwona, Inspekta. Hata picha hakuna. Ule mkebe umemwona. Niliposikia yule mzee akisema walikula humo, nilijua nitazika nini. Niliona nitauweka kwa udongo, niseme, baba ndiye huyu, halafu mama apate mahali."

"Na umeuzika?"

"Nimezika wapi? Nilipouleta, mama akauliza, hii ni nini. Nikamwambia. Akaushika usiku... akaushika muda mrefu. Kisha akasema, washa moto, pika uji. Mtu ambaye hajaweka kitu kwa mdomo! Jana alikunywa. Leo asubuhi amekunywa. Huu ni wa tatu."

Jepkoech alitoa mfuko wa vielelezo kutoka mkobani, akaukunjua, akaelekea mlangoni.

Ndani palikuwa na kitanda cha kamba karibu na dirisha, na juu yake ajuza mdogo mno, ameegemezwa kwa mito. Mkebe ulikuwa mikononi mwake, mweusi kwa umri, na waya umezungushwa kwenye kishikio chake kama Mulongo alivyoonyesha kwa vidole. Alipiga funda, akatulia, akapiga jingine.

"Mulembe, kukhu," alisema Jepkoech.

"Mulembe. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Jepkoech. Ni polisi, natoka Kitale. Nimekuja kuuchukua huo mkebe."

Nasike alimtazama, akautazama mfuko. Hakuukumbatia mkebe wala hakuusogeza mbali.

"Ngoja amalize," alisema.

Palikuwa na kigoda karibu na mlango. Jepkoech aliketi. Uji ulikuwa umebaki karibu nusu, na ajuza hakuwa na haraka. Alikunywa kama mtu anayemlisha mwingine, akisimama kati ya funda na funda, akitazama ndani ya mkebe, kisha akiendelea. Nje Wamalwa alikohoa mara moja. Kuku aliingia, akatoka. Jepkoech aliukunja ule mfuko, akauweka chini ya kigoda.

"Wewe umeona hiyo meli?" aliuliza Nasike.

"Nimeona picha, kukhu. Ilikuwa na meli mbili nyingine nyuma yake, za chakula. Adui alipotokea, hii ya Wepukhulu iligeuka ikamwendea, ili zile mbili zipate kuondoka. Ziliondoka salama."

"Za chakula?"

"Ndiyo."

"Na chakula kilifika?"

"Kilifika."

Ajuza alilitafakari hilo. "Alikuwa amekula siku hiyo?"

Nasambu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui, kukhu. Hakuna anayejua."

Nasike aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu lile lilikuwa la heshima. Akauinua mkebe, akanywa lililobaki, akapitisha kidole ndani yake mpaka chini, akakilamba. Halafu akaunyoosha mkono.

"Amekula kwangu sasa. Huu ni wa Mukhwana, uende kwa watu wake."

*

Jepkoech alitoka nao uani, ungali na joto, akapiga simu ya kwanza kituoni Kitale.

"Mfungueni Kiptanui. Ndiyo, sasa hivi. Hakuna aliyeuza kitu." Kisha akampigia Nyaruai. "Umepatikana, mzima. Hapana, hautapanda lori kesho. Ni kielelezo sasa, na kielelezo hakitoki wilayani kabla ya uchunguzi kufungwa."

"Uchunguzi si umekwisha? Mwizi umempata!"

"Nimempata aliyeazima. Jina lake na kikundi chake ninavyo, atakuja wiki ijayo kuandikisha taarifa. Kuna na shahidi mmoja wa Kwanza ambaye lazima aushike kwa mikono yake mwenyewe ili kuutambua. Mzee sana. Huenda akahitaji kuutambua zaidi ya mara moja."

"Inspekta, huyo shahidi ni yule aliyeniita karani?"

"Ni huyo."

"Mwambie," alisema Nyaruai, "kwamba ombi lake nitaliandika mimi."

Jepkoech alipogeuka aliona kwamba wanawake wa sokoni walikuwa wamefika na kusimama langoni, na kwamba Nasike alikuwa mlangoni mwa nyumba yake, amesimama. Nasambu alikuwa amemshika kiuno upande mmoja, na mkono wa pili wa ajuza ulikuwa juu ya fimbo. Kila hatua aliipumzikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi kitandani.

Alipofika mbele ya Wamalwa alisimama. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Wamalwa, kukhu. Wa Bumula."

"Ulitahiriwa?"

"Eh! Kukhu!" Wanawake wa langoni walicheka. "Nilitahiriwa, ndiyo."

"Basi una mikono ya mwanamume, na hapa hakuna mwingine. Nasambu, mpe panga. Akate mgomba ule wa mwisho, wenye haujazaa. Aukate vizuri, asiuburute."

Wamalwa alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akitazama migomba. Konstebo akavua kofia, akamkabidhi mwanamke wa omena, akapokea panga.

Nasike aliendelea mbele mpaka palipokuwa na nyasi fupi, mbele ya nyumba, mahali ambapo barabara ya lori ilionekana yote mpaka kwenye kona. Akapatazama chini, kisha akaitazama barabara, kisha akapatazama tena.

"Yeye hapa," alisema. "Kichwa huku."

Akainama, binti yake akimshikilia, akailaza fimbo yake juu ya nyasi, upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Na mimi hapa."

Inspekta Jepkoech, aliyekuwa amesimama karibu na ncha ya fimbo, mkebe mkononi, akasogea kando ili kupaacha wazi.